Mama Mkwe wa Dirishani

Jambo la kwanza nililofundishwa katika kazi ya kunywesha mimea ya watu lilikuwa kutoinywesha. Nawaambia mapema, ninyi vijana mnaoshika kazi hii sasa, msije mkasema mzee aliwaficha. Somo hilo niliwapa wateja miaka mingi, na bado nusura nipoteze ua moja ambalo nisingeweza kulinunua tena popote.

Ua lenyewe liko hapa dirishani ninapoandika. Linaitwa taji la miiba. Mmeliona, hata kama jina hamlijui: shina la kijivu lenye miiba kama sindano za kushonea magunia, majani machache juu, na vimaua vyekundu viwili viwili kama midomo iliyopakwa rangi. Ndani ya shina mna maziwa meupe. Hayo maziwa nitayarudia, maana tulikutana vibaya. Ua lilikuwa la marehemu mke wangu, Mama Nafula.

Nilikuwa mfanyakazi wa kampuni iliyokodishia ofisi mimea. Kitalu chetu kilikuwa Karen. Asubuhi tulipakia pikapu tukaenda Upper Hill kwenye mabenki na kliniki, na siku nyingine Kileleshwa kwenye nyumba za ghorofa. Shule niliishia darasa la saba, na kazi niliipata kwa sababu mtu wa kwetu aliyekuwa akiifanya aliogopa lifti. Alikuwa akipanda ngazi na ndoo mbili hadi ghorofa za juu, akifika hawezi kusema. Mimi lifti sikuiogopa. Huo ndio uliokuwa ujuzi wangu wote siku ya kwanza.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Mutua, mtu wa Kitui, mrefu, mkavu, mwenye kofia ya sufu hata wakati wa jua. Mimea mingine aliihudumia tu. Taji la miiba alilipenda.

"Kwetu Kitui mvua ni mgeni," alikuwa akisema. "Akija tunafurahi, asipokuja hatulii. Huu mmea ni mtu wa kwetu."

Siku moja mteja mmoja, mwalimu wa Kileleshwa, alimweleza kwa upole kwamba mmea huo asili yake ni Madagaska. Mzee Mutua akafikiri kidogo, kisha akajibu kwamba basi Madagaska lazima iko karibu na Kitui.

Alinipa kijiti cha mshikaki. "Hiki ndicho cheti chako," akasema. Ukifika kwenye chungu unakichomeka hadi chini, unahesabu pumzi chache, unakichomoa. Kikitoka na udongo umekishika, unakwenda zako. Kikitoka kikavu kama ulivyokitia, ndipo unamwaga maji mengi hadi yatokee chini, unamwaga na yale ya kwenye kisahani, kisha unausahau mmea. Siku hizi nasikia simu inakuambia saa ya kunywesha. Sicheki. Lakini mwambieni huyo wa simu kwamba Julai ya Nairobi ina mawingu kama blanketi la jela, na taji la miiba wakati huo limelala. Aliyelala haamshwi kwa maji baridi, au ukimwamsha hivyo usitarajie tabasamu.

Sasa shida ya kazi yetu ilikuwa hii. Mteja analipa unyweshe mimea. Usipoinywesha, kwa macho yake, umekuja kutembea.

Kwenye mapokezi ya ofisi moja Upper Hill palikuwa na dada mkali aliyekuwa akinitazama toka naingia mpaka natoka. Siku moja nikapima kwa kijiti, nikaliruka taji la miiba, nikaenda kwa mimea mingine.

"Wewe! Mbona hiyo umeiruka?"

"Leo haitaki maji, madam."

"Imekuambia?"

"Kijiti ndicho kimeniambia."

"Ati kijiti." Akainua simu. Jioni bosi akaniita. "Wafula, mteja anasema unachagua mimea ya kunywesha kama mtu anayechagua wajukuu."

Kesho yake Mzee Mutua akanipeleka pale mwenyewe. Alibeba kebe lake la kijani la kunyweshea. Akasimama mbele ya taji la miiba, akavua kofia, akainamisha kebe, akalishikilia pale kwa muda, akalitikisa ili na tone la mwisho lisipotee. Yule dada akayeyuka.

"Asante, mzee. Umeona, kijana? Huyu anajua kazi."

Tukaingia lifti. Nikamwambia, "Mzee, sikusikia maji yakidondoka."

"Ungesikiaje? Kebe ni tupu tangu asubuhi."

"Si huo ni uongo?"

"Mimi nimesema neno gani?" Akairudisha kofia kichwani. "Mteja lazima aone. Mmea lazima upumzike. Kuna siku wawili hao hawapatani. Hapo ndipo mtu anahitaji kebe tupu."

Nilijaribu mara moja, kwenye kliniki ya meno. Nikainamisha kebe tupu, na mgonjwa mmoja mwenye shavu lililovimba akanitazama kama aliyejua kila kitu. Nikaweka kebe chini nikamweleza habari ya mizizi kuoza, naye hakuwa ameniuliza chochote. Tangu siku hiyo nilisema ukweli kwa kila mteja, na ndiyo maana nilikuwa wa mwisho kurudi kwenye pikapu kila siku mpaka nilipostaafu. Ukweli unachukua muda kuliko maji.

Na msidhani nilikuwa sahihi kila mara. Yule mwalimu wa Kileleshwa aliniambia ua lake linataka jua la dirishani. Mimi nikaliona linapendeza juu ya televisheni, nikamhakikishia kwamba mwanga wa televisheni utasaidia. Akanitazama hivi. Aliporudi kutoka likizo majani yote yalikuwa kwenye kochi. Hakunigombeza. Alilirudisha dirishani, na nilipokuja tena akaniuliza kama leo napenda tuwashe televisheni au hapana.

Mama Nafula mwanzoni hakutaka kusikia habari ya maua. "Unashinda ukiwanywesha watu maua, halafu hapa sisi wenyewe tunangoja maji yafunguliwe," alikuwa akisema. Tuliishi Kawangware, kwenye ploti ya vyumba vya kupanga ambamo maji huja siku yanayotaka yenyewe. Siku nyingine wanawake hubeba mitungi kutoka kwenye tangi lililo mbali, na ukimwona mtu amekupa maji ya kunawa, jua amekupa jasho la mgongo wake.

Siku tuliyopogoa mataji ya miiba kule Karen, bosi alituruhusu tuchukue vipande. Nikakipeleka kimoja nyumbani kimefungwa kwenye gazeti. Mama Nafula akalifungua.

"Baba Nafula. Wanaume wengine huleta nyama kwa gazeti."

"Ni ua."

"Hii ni miiba. Kwetu miiba imejaa na hakuna mtu alisema ni ua."

Nikalipanda kwenye kopo la mafuta ya kupikia, nikaliweka dirishani. Kesho yake akavuta pazia, ua likamchoma. Akapiga kelele, kisha nikamsikia anacheka peke yake. "Huyu namjua," akasema. "Huyu ni mama yako mkwe kabisa."

Niwaeleze wale ambao si wa kwetu. Kwetu magharibi mwanamume hamshiki mkono mama mkwe wake. Hakai karibu naye, hamtaji jina, wala halali chini ya paa moja naye. Hiyo si chuki. Ni heshima ambayo imewekewa nafasi katikati. Basi tangu siku hiyo ua likaitwa Mama Mkwe, na mke wangu, ambaye hakuwahi kusoma habari yoyote ya mimea, akawa analitunza kuliko mimi. Alilipa kiti cha kwenye jua. Hakulihamisha-hamisha. Hakulishika bila sababu. Kila asubuhi alisimama kando ya meza akalisalimu kutoka pale pale: "Mulembe, mama," kisha akaenda kupika chai. Maji alilipa kama mtu anayemkaribisha mgeni chakula: kwa wingi, halafu basi. Mnaotaka sheria za taji la miiba, hizo ndizo. Sina nyingine bora.

Mama mkwe wa kweli naye alikuja Nairobi mara moja kutibiwa macho. Nyumba yetu ni chumba kimoja na pazia, kwa hiyo nilihamia kwa binamu yangu Kangemi, nikawa nakuja asubuhi kusalimia nikiwa nje mlangoni kama mtu anayedai kodi. Siku moja akauliza, "Hicho cha dirishani ni nini?"

Mke wangu alikuwa mtu ambaye mdomo wake haukuwa na mlango. Akasema, "Huyo ni wewe, mama. Baba Nafula anakuheshimu hata ukiwa haupo."

Mimi pale nje nilitazama ardhi nikiomba ipasuke. Kisha nikamsikia yule mama kule ndani akisema taratibu, "Ikiwa ni mimi, mbona mmeniweka kwenye kopo la mafuta? Ninunulieni chungu."

Nikanunua chungu cha udongo siku hiyo hiyo. Na nawaambia, ushauri wake ulikuwa wa kitaalamu. Chungu cha udongo kinapumua. Maji yanayozidi yanatoka jasho pembeni. Ua likachanua namna ambayo hata kule Karen sikuwahi kuiona.

Mama Nafula alifariki mwaka jana. Aliugua muda mfupi. Juu ya hilo sina zaidi ya kusema.

Ploti yote ilisimama nasi. Kila jioni watu walikuja kwa maombi, na kama mjuavyo, mtu haji kwenye matanga mikono mitupu. Walileta sukari, majani ya chai, maziwa, na zaidi ya vyote walileta maji, kwa sababu wiki ile mifereji ilikuwa mikavu. Jirani yetu wa mlango wa pili, Mama Mwende, mwanamke wa Machakos mwenye mikono ya mtu anayefua nguo za watu, ndiye aliyepanga kila kitu. Jerusa, katibu wa akina mama wa kanisa letu, ndiye aliyeimbisha. Na Jerusa ndiye aliyekuwa akinitazama kwa wasiwasi.

"Baba Nafula halii," nilimsikia akinong'ona, kwa mnong'ono wa mtu aliyezoea kuimbisha. "Mwanamume asipolia anapasuka."

Sikulia. Sikukataa kulia, machozi hayakuja tu. Hata nyumbani kwetu magharibi, siku ya mazishi, hayakuja. Mama mkwe alikuwa upande wa pili wa kaburi, ameshikwa na wanawake wawili. Hatukuweza kushikana mikono, mimi na yeye. Alinitazama kutoka kule na mimi nikamtazama. Baadaye akamtuma mtu aniambie ninywe chai.

Nikakaa huko hadi mambo ya matanga yakaisha. Ufunguo nilikuwa nimemwachia Mama Mwende. Kuhusu ua sikusema neno lolote. Katika haraka ile lilinitoka kabisa akilini, mimi ambaye nililishwa na maua maisha yangu yote.

Niliporudi, Mama Mwende alinipokea langoni kwa uso wa mtu aliye na habari njema. "Baba Nafula, usiwe na wasiwasi. Tumemtunza mama mkwe wako. Hajakosa maji hata siku moja."

"Hata siku moja?" nikauliza.

"Hata moja! Mimi asubuhi. Jerusa akitoka ibadani. Wale wa chama. Keateka wa ploti pia, alileta chupa yake. Kila mtu akikuja kuona nyumba ya marehemu anamletea. Utakujaje mikono mitupu?"

Akafungua mlango. Chungu kilikuwa ndani ya beseni, na beseni lilikuwa limejaa maji.

"Hiyo nyungu yako inavuja," akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeficha aibu ya mwenzake. "Ilikuwa inatoa maji huku pembeni. Tukaiweka kwa beseni ndiyo asikose."

Majani yalikuwa yameanguka yote. Walikuwa wameyafagia, wakaniwekea kwenye mfuko wa karatasi, kama vitu vya mgonjwa vinavyorudishwa kwa jamaa. Niliinama nikabonyeza shina pale chini. Kidole kilizama kama kwenye parachichi la juzi.

Nilikuwa nimewaambia maneno ya ukali watu wa mabenki kwa makosa madogo kuliko hayo. Lakini nilitazama lile beseni, nikajua maji yale yalitoka wapi. Yalitoka kwenye lile tangi la mbali, juu ya vichwa vya watu. Walimbebea mke wangu maji. Wangembebea nini kingine?

"Asanteni," nikasema.

"Anaonekana amechoka kidogo," akasema Mama Mwende.

"Kidogo."

Ua likioza kutoka chini, kuna dawa moja tu. Unakata juu ya mahali palipooza, unaendelea kukata hadi uone nyama ya ndani ni safi, kijani bila doa la kahawia. Maziwa yatatoka, unayaosha kwa maji hadi yakome. Kipande unakiacha kivulini kwenye gazeti mpaka kidonda kikauke kiwe na ganda. Kisha ndipo unakipanda kwenye mchanga na kokoto ndogo, udongo kidogo sana, na unangoja. Wakati wa kukata unavaa glavu na miwani, na hugusi uso. Sheria hii niliwasomea wageni wote wa kitalu. Ilikuwa imebandikwa ukutani na mimi ndiye niliyeibandika.

Kesho yake asubuhi nikavaa glavu. Miwani niliiacha, nikasema ni kikazi kidogo. Nikakata, ndani ni kahawia. Nikapanda juu, nikakata tena, kahawia. Matawi mawili yakaisha hivyo mikononi mwangu. Likabaki moja, lile la juu lililoinama kuelekea dirishani. Nikashuka nalo kwa macho nikitafuta pa kukata, na hapo nikaona kitambaa. Tawi lile liliwahi kuegemea kioo, na Mama Nafula alilifunga kwenye kijiti cha mshikaki kwa utepe alioukata kwenye kitenge chake cha zamani. Fundo lilikuwa lake. Alifunga vitu vyote namna hiyo, mara tatu, kana kwamba vitatoroka.

Nikakata chini ya fundo. Ndani kulikuwa kijani. Kijani safi.

Macho yakaniwasha kwa sababu zake yenyewe, nami nikainua mkono nikayapangusa. Mkono wenye glavu. Glavu yenye maziwa.

Vijana, pilipili ni mzaha. Nilipiga yowe, nikaangusha kisu, nikakamata meza. Na ndipo mlango ukafunguliwa, kwa kuwa ilikuwa saa ya kumnywesha Mama Mkwe. Waliingia Mama Mwende, Jerusa na akina mama wa kanisa nyuma yao, kila mmoja na jagi lake, wakanikuta nimeinama, machozi yanatiririka mpaka kidevuni.

"Mungu ni mwema!" akasema Jerusa. "Analia!"

"Maji!" nikasema. "Nipeni maji!"

"Lia, baba yangu. Lia yote. Usiyazuie."

"Silii! Ni maziwa!"

"Maziwa utapata, baba. Kwanza lia." Akageukia wenzake, akaanzisha wimbo. Wakaupokea, kwa sauti nne, na majagi bado mikononi. Nilizungukazunguka chumba nikipapasa, wakanifuata wakiimba, mmoja akinipigapiga mgongoni.

Mama Mwende ndiye aliyekiona kisu na yale matawi. Yeye alikuwa amewahi kuchomwa macho na maziwa ya mti wa kuzungushia boma kwao Machakos. "Nyamazeni!" akafoka. "Huyu anaungua macho! Leteni hayo majagi!"

Wakanikalisha kwenye kiti, kichwa nyuma, wakanimwagia. Jagi la Mama Mwende, jagi la Jerusa, jagi baada ya jagi, maji yote waliyokuwa wamembebea mke wangu asubuhi ile yakapita usoni kwangu yakaishia sakafuni. Yalipokwisha wakaenda kwenye beseni. Nilifumbua macho nikaona kama kupitia kioo kichafu, kisha nikaona vizuri zaidi kidogo: nyuso za wanawake zimenizunguka, na dirisha nyuma yao, tupu.

Mimi sisemi uongo, mnanijua sasa. Machozi ya mwanzo yalikuwa ya maziwa. Yaliyoendelea baada ya maji kuisha, maziwa hayakuhusika. Jerusa alijua, nadhani, kwa maana hakuimba tena. Alikaa tu chini kwenye sakafu yenye maji, na sketi yake ya Jumapili.

Wakanipeleka kliniki. Nesi akauliza ni nini kimeniingia machoni, na Mama Mwende akajibu kabla yangu, "Ni mama mkwe wake."

Nesi akatikisa kichwa. "Hiyo kesi ipelekeni kwa chifu," akasema, akaanza kuniosha upya. Macho yalipona. Mtu wa kazi hii asiyevaa miwani asitegemee atabahatika na akina mama wenye majagi.

Lile tawi lililala kwenye gazeti kando ya kabati mpaka likakauka jeraha. Wageni waliendelea kuja. "Haya ni mazishi gani ya mtu kulazwa hivi siku zote?" akauliza Jerusa. Nikawaeleza kwamba tone moja sasa litaliua, na kwamba likifa hili hakuna jingine lenye fundo lile. Mama Mwende akajiteua kuwa mlinzi. Aliweka kigoda mlangoni, kila aliyefika na maji akayapokea kwa shukrani zote na kuyamwaga kwenye pipa langu. Pipa langu halijawahi kujaa namna ile. Nilifua mapazia.

Jioni alipokuwa pale kigodani nilimsimulia habari za kazi, na habari ya Mzee Mutua na kebe lake. Alicheka mpaka akajifuta kwa kanga. "Mtu wa Kitui! Na wewe hukuweza hata mara moja?"

"Siwezi kumdanganya mtu namna hiyo."

"Wewe ni mgumu, Baba Nafula."

Nililipanda tawi kwenye chungu kile kile, nimekisugua na kukianika. Ikaja Julai na mawingu yake. Kila asubuhi nilitazama kijiti kile cha kijivu chenye miiba na utepe, bila jani hata moja, nikajizuia. Nawaambieni, kungoja bila kufanya kitu ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya Nairobi, na hakuna aliyenilipa. Kulikuwa na asubuhi ambazo mkono wangu ulishika kikombe wenyewe. Sikulisalimu. Hiyo ilikuwa kazi ya mwingine, nami sikujua kama nina haki.

Jua liliporudi lilitoka jani moja, dogo kama ukucha wa mtoto. Kisha mengine. Nikalivuta tawi kidogo, polepole: halikung'oka. Lilikuwa limeshika mizizi. Na wiki iliyopita vikatokea vimaua viwili, vyekundu, vimeshikana.

Nikagonga ukuta. Mama Mwende akaja mbio. Na mkononi alikuwa na jagi.

"Mama Mwende, tafadhali—"

Alipita kando yangu hadi dirishani, akasimama umbali wa heshima, akainamisha jagi juu ya chungu. Niliruka kumshika mkono, kisha nikasita. Hakikutoka kitu. Alilishikilia pale, ametulia kama mtu aliye kanisani, akalitikisa ili na tone la mwisho lisipotee.

"Ningekujaje mikono mitupu?" akasema. Akanigeukia, akaninyooshea jagi. "Haya. Zamu yako."

Miaka yote ya kazi nililikataa kebe lile, mbele ya mabenki na madaktari wa meno. Nikalipokea jagi. Nikasimama kando ya meza, pale alipokuwa akisimama Mama Nafula.

"Mulembe, mama," nikasema, nikamimina.